Kibarazani kwa Mwalimu: Binti alitoka mlangoni. Je, alirudi?

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nyingine zimekuja kwa sauti kwenye WhatsApp, jambo ambalo nimekwisha kuomba lisifanywe, maana masikio yangu na upepo wa bahari havipatani. Nitajibu mbili. Ya kwanza ni ya haraka. Ya pili imenikalisha siku tatu nikiiandika na kuichana.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Muheza, naandika hadithi fupi. Jamaa mmoja anayetengeneza filamu ameipenda hadithi yangu ya wavulana wanaotoroka shule, lakini anataka kubadilisha mwisho, na kile kitendo kikubwa ampe mhusika mwingine. Nikubali au nikatae?
*Kijana wa Muheza*

Marahaba mwanangu. Usikatae kabla hujamwuliza kwa nini.

Wewe umekua karibu na reli, basi nikupe mfano wa relini. Stephen King ana hadithi iitwayo "The Body", imo katika kitabu chake cha mwaka 1982. Watoto wanne wa miaka kumi na miwili hivi wanafuata reli kwa miguu kwenda kutazama maiti ya mtoto mwenzao aliyegongwa na treni. Mwaka 1986 Rob Reiner akaifanya filamu, *Stand by Me*. Kufika kwenye maiti wanakuta vijana wakubwa, wahuni, nao wanaitaka. Bastola inatolewa. Katika kitabu imo mkononi mwa Chris, rafiki. Katika filamu imo mkononi mwa Gordie, yule anayetusimulia.

Jambo dogo, utasema. Lakini kitabu kizima tumo kichwani mwa Gordie, tunasikia kila anachowaza, kwa hiyo hata akisimama kando na mikono mitupu bado ni wake. Filamu haina kichwa cha kuingia. Ina uso na mikono. Gordie asipotenda, mtazamaji atamsahau, atatoka pale akimkumbuka Chris peke yake. Reiner alihamisha bastola ili moyo wa kisa ubaki pale pale ulipokuwa.

Kwa hiyo mwulize jamaa yako: ukihamisha kitendo hiki, moyo unabaki kwa nani? Akikujibu vizuri, mwachie. Akikujibu kwamba watu watapenda zaidi, kunywa soda yake, umshukuru, uondoke na hadithi yako. Na lolote mtakalokubaliana liwe kwenye karatasi, lenye sahihi zenu wote wawili.

Mwalimu, shikamoo. Nina binti wa miaka 15, yuko kidato cha tatu. Dada yake aliye chuoni alikuja likizo na hadithi fupi ya Kiingereza ya Joyce Carol Oates, ile ya Connie, akatusomea huku akitafsiri, jioni tatu. Halafu tukatazama filamu yake, *Smooth Talk*. Tumegombana. Hadithi inaishia binti anatoka mlangoni kumfuata yule mwanamume mwenye gari la dhahabu, na sote tulijua harudi. Kwenye filamu anarudi, tena anacheza muziki na dada yake! Binti yangu anasema filamu imedanganya. Mimi nilipomwona amerudi nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, kisa chote si ile methali yetu ya asiyefunzwa na mamaye?
*Mama Z., Makorora, Tanga*

Marahaba, Mama Z. Kwanza niwaeleze wasomaji wengine, wasije wakadhani tunamsengenya mtoto wa jirani.

Hadithi inaitwa "Where Are You Going, Where Have You Been?" Kwa kinywa chetu ni "Waenda wapi, ulikuwa wapi?", lile swali ambalo kila mama wa Tanga humdaka nalo binti yake kizingitini, adhana ya magharibi ikiita. Oates aliichapisha mwaka 1966 katika jarida la *Epoch*. Connie ana miaka 15, ni mzuri, na anajijua kuwa mzuri. Mama yake hampi nafasi ya kupumua: kila siku ni June, June, June, yaani dada mwenye miaka 24 ambaye ni katibu katika shule ile ile anayosoma Connie. Jumapili moja wazazi na June wanakwenda kwa shangazi kula nyama choma. Connie amekataa kwenda. Ameosha nywele, anazikausha juani. Mara gari lisilo na paa, lenye rangi ya dhahabu, linaingia uani. Dereva wake, Arnold Friend, anasema amekuja kumchukua watembee, kana kwamba walikwisha kupatana. Anabembeleza, halafu anatisha: nyumba inaweza kushika moto, wazazi wanaweza kupatwa na jambo. Connie anakimbilia simu, nayo inamngurumia tu sikioni. Mwisho anasukuma mlango wa wavu, anatoka. Basi. Oates haongezi neno.

Filamu ni ya mwaka 1985. Mwongozaji ni Joyce Chopra, na mswada aliuandika mumewe, Tom Cole. Connie ni Laura Dern, wakati huo bado kijana kabisa. Arnold ni Treat Williams. Mwaka 1986 ilipata tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha ambalo leo linaitwa Sundance. Humo Connie anatoka mlangoni kama kwenye hadithi, anapanda gari, linakwenda mpaka kwenye uwanja wa majani, na kamera haituoneshi kilichotokea huko. Kisha anarudishwa. Anamwambia yule mwanamume asirudi tena. Wazazi wanafika. Mama, ambaye asubuhi alimpiga kofi, anamwomba radhi. Usiku ule Connie na June wanacheza pamoja wimbo wa James Taylor.

Sasa, methali. Naomba tuitoe njiani mapema, maana nimeisikia mno darasani miaka yangu thelathini na kitu ya kufundisha fasihi, na kila mara hutumiwa kama kufuli: ikishafungwa, hakuna anayefikiri tena. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Haya. Nioneshe basi ni wapi katika hadithi mama wa Connie alimfunza kitu. Alimsimanga. Alimlinganisha. Alimwambia kichwa chake kimejaa ndoto za ovyo. Oates ametia kitu kimoja kidogo ambacho wengi hukipita: albamu. Mama naye alikuwa mzuri zamani, picha zipo. Uzuri umemwondokea, na Connie anaamini ndiyo sababu mama hamwachi. Huko si kufunza, huko ni kumwonea mtoto kijicho. Kwetu pwani msichana akivunja ungo alitafutiwa somo wa kumweka ndani na kumwambia mambo kwa majina yake. Connie hana somo. Ana redio. Tena Oates anasema muziki kwao ulikuwa nyuma ya kila kitu kama muziki wa ibada kanisani. Kwa hiyo tukiitumia methali, Mama Z., anayehukumiwa nayo si binti.

Filamu imemtendea mama haki zaidi, na hapo nitakuunga mkono. Mary Kay Place anamcheza kama mtu aliyechoka, anapaka rangi kuta za nyumba yake huku akisubiri mtu amsaidie, na hasaidiwi. Kwenye hadithi tunamwona kwa macho ya Connie tu, na mtoto wa miaka 15 humwona mama yake kama askari wa mlangoni. Kamera haikubali dharau hiyo. Ikishamwonesha mwanamke ameshika brashi ya rangi peke yake, mtazamaji mwenye umri wangu anahama upande mara moja. Nadhani ndipo ulipohamia wewe.

Nije kwa Arnold.

Nyumbani kwangu Chumbageni hukusanyika wasichana saba kila Alhamisi, tunasoma. Nilipowasomea sehemu ya gari, nilifika pale ambapo Oates anasema Arnold anayumba akisimama, viatu vyake virefu kama vimejazwa kitu, mguu haukai sawasawa ndani yake. Sikumaliza sentensi. Wawili walisema kwa pamoja, "Jini huyo! Mtazame miguu!" Sikuwafundisha mie. Kila mtoto wa Tanga amekwisha kusimuliwa habari za mtu mzuri aliyekutana na fulani njiani usiku, wakazungumza vizuri, mpaka fulani akainama akaona kwato. Wahakiki wa Marekani wameandika kurasa nyingi kufikia hapo hapo. Wanakwambia toa herufi R mbili katika jina Arnold Friend, utabaki na maneno ya Kiingereza *an old fiend*, yaani shetani mzee.

Kilichonitia baridi ni kwamba viatu vile vilivaliwa na mtu wa kweli. Tucson, Arizona, kijana mmoja mfupi alikuwa akijaza matambara na makopo yaliyopondwa ndani ya viatu ili aonekane mrefu, akijipaka vipodozi usoni, akizunguka na watoto wa shule. Aliua wasichana watatu kati ya mwaka 1964 na 1965. Jarida la *Life* liliandika habari zake mwaka 1966, na Oates akaanzia hapo. Baadhi ya vijana wenzake walikuwa wakijua, wakanyamaza. Hilo la kunyamaza lishike, nitalirudia.

Na zile namba. Arnold ana namba zilizoandikwa kwenye gari: 33, 19, 17. Anaziita siri yake. Msichana wetu mmoja, Mkristo, wa Nguvumali, nilimwambia alete Biblia. Hesabu vitabu vya Agano la Kale kutoka mwisho kurudi nyuma, Malaki akiwa wa kwanza. Alihesabu kwa kidole, wenzake wamemwinamia. Cha 33 kikaangukia Waamuzi. Sura ya 19, mstari wa 17: mzee anamkuta msafiri mjini, anamwuliza aenda wapi na atoka wapi. Wakapiga kelele za furaha, kama wamefumbua kitendawili. Nikawaambia wasiishie hapo, wasome sura mpaka chini. Chini kuna mwanamke aliyetolewa nje ya mlango akapewa wanaume usiku, na asubuhi akakutwa ameanguka pale pale, mikono yake kizingitini. Biblia ikafungwa. Chai ilipoa siku ile.

Filamu haina habari na namba wala kwato. Treat Williams ni mwanamume wa nyama na damu, ana sura, ana misuli, na ulimi wake unateleza kama samli. Wasichana wangu walivunjika moyo kidogo, walitaka jini. Mie sikuvunjika moyo. Jini ukiliona kwato unakimbia. Huyu wa filamu ndiye anayepita mitaani kwetu. Kwenye hadithi Arnold anapofika hapigi hodi, anapiga honi, mara nne fupi fupi, kama ishara ambayo Connie anaijua. Nyumba ya pili kutoka kwangu kuna binti wa kidato cha pili, na kuna bodaboda anayepita saa kumi na moja jioni. Honi mbili. Hapunguzi hata mwendo. Nimekwisha kumsimamisha nikamwuliza anamwamkia nani. Akanijibu, "Shikamoo bibi, naamkia mtaa." Ulimi huo! Akaondoka, nami nikabaki na marahaba yangu mdomoni.

Chopra alijua kupiga picha vitu kama hivyo kwa sababu alitoka kwenye filamu za maisha halisi; mwaka 1975 alikwisha kutengeneza moja juu ya wasichana wa miaka 12. Sehemu kubwa ya mwanzo wa *Smooth Talk* haimo kwenye hadithi kabisa: wasichana ufukweni, wasichana wanazunguka kwenye jengo la maduka, wanacheka kitu ambacho si cha kuchekesha, wanafuata wavulana na wakifuatwa wanakimbia. Wengine husema sehemu hii ni ndefu. Ni ndefu, kweli. Lakini Oates aliweza kusema kwa sentensi moja kwamba kila kitu cha Connie kilikuwa na pande mbili, upande wa nyumbani na upande wa kokote kusiko nyumbani: blauzi, mwendo, mdomo, hata kicheko. Filamu haiwezi kusema. Lazima ikuoneshe kicheko cha kwanza, halafu ikuoneshe cha pili, na hiyo inataka dakika. Panda daladala ya Raskazone Jumamosi alasiri, kaa nyuma, utaona yote bila tiketi. Wanapanda na mabaibui, wanatelemka na mikoba iliyovimba.

Haya, mlango. Ndiko ulikotaka twende tangu mwanzo.

Miaka mingi nilikuwa upande wa binti yako, tena kwa ukali kuliko yeye. Nilikuwa nikisema filamu imeogopa, kwamba mwandishi alitupeleka ukingoni mwa shimo, mwongozaji akatushika mkono akaturudisha chakulani. Oates mwenyewe hakuwa mkali hivyo. Mwaka 1986 aliandika makala akiikubali filamu kama kazi ya Chopra, yenye haki ya kuishia kwake. Nikasema huyo ni muungwana tu.

Kilichonibadilisha ni kusoma tena sentensi za mwisho, mwaka huu, kwa ajili ya wasichana. Ninapendekeza mzisome pamoja, wewe na Z. Connie anapousukuma mlango wa wavu, hajioni kama anayetoka. Anajitazama. Yuko kama amebaki salama mahali, kwenye mlango mwingine, anautazama mwili huu na kichwa hiki chenye nywele ndefu vikitoka kwenda juani alikosimama Arnold. Arnold anamwita kisichana chake chenye macho ya buluu. Macho ya Connie ni ya kahawia. Hata kumtazama hakumtazama. Na nyuma yake kuna nchi pana yenye jua ambayo Connie hajawahi kuiona, anachojua ni kwamba ndiko anakokwenda.

Umeona? Kuna Connie wawili. Yule wa nyumbani na yule wa kokote, waliokuwa wakibadilishana blauzi hadithi nzima, hapa wameachana kabisa. Mmoja ametoka, mmoja amebaki mlangoni. Hadithi inamfuata aliyetoka. Na haina mahali pa kumpeleka, ndiyo maana inakatika.

Chopra amemfuata yule aliyebaki mlangoni. Hivyo ndivyo ninavyoiona sasa. Kamera haiwezi kugawa mtu mmoja wawili katika sentensi. Ina mwili mmoja wa Laura Dern. Basi ikamtoa, kisha ikamrejesha mlangoni, tukapata kumwona yule mwingine: anayesimama ndani ya nyumba ile ile, kuta zile zile, mama yule yule anaomba radhi ya kofi, naye hasemi alikotoka. Mtazame vizuri anapocheza na June. Z. ameona binti anafurahi. Mrudisheni nyuma mtazame uso. Kofi la asubuhi limekuwa jambo dogo kuliko yote yaliyotokea siku ile, na ni hilo peke yake linaloombewa radhi, kwa sababu ni hilo peke yake linalojulikana.

Kwa hiyo Z. amekosea kusema filamu imedanganya, nawe, Mama Z., ulishukuru mapema. Hakurudi mzima kama alivyotoka. Amerudi na kitu ambacho hakisemeki kwa lugha ya nyumba ile. Ukiniuliza ipi bora, bado nasema hadithi, kwa yale maneno ya mwisho tu. Ukiniuliza ipi ningemwonesha mtoto wa miaka 15 akiwa na mama yake, nasema filamu, halafu nyamaza kidogo usianze kumwuliza maswali.

Nilisema nitarudia habari za kunyamaza.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 15. Tulikuwa tukienda sinema pale Majestic kutazama filamu za Kihindi, na nje, filamu ikisha, palikuwa na mtu wa Peugeot nyeupe. Alikuwa karani kwenye shamba moja la mkonge na gari halikuwa lake, lakini hayo niliyajua baadaye. Alisema ana miaka 22. Shingo yake ilisema thelathini na tano. Alikuwa akinisemesha wiki tatu, kwa adabu, ati mimi si kama wasichana wengine. Siku moja badala ya kwenda kwa Bibi, Barabara ya 9, nilipanda ile Peugeot. Tungekwenda Raskazone tu, tule muhogo, turudi. Tulipofika njia panda akashika njia ya Pangani. Akasema twende Tongoni ukaone magofu.

Tongoni kuna msikiti uliobomoka na makaburi ya kale yenye minara, na mibuyu. Hapakuwa na mtu. Nikasema nirudishe. Akacheka, akakaa juu ya ukuta, akawasha sigara, akasema tutarudi atakapomaliza kuvuta. Alivuta ya kwanza, akawasha ya pili. Hakunigusa. Alikuwa akinitazama tu jinsi ninavyoogopa, na nilijua kwamba ananitazama kwa ajili hiyo. Mpaka leo harufu ya sigara na majani makavu inanifanya nisimame.

Akatokea mzee ana jembe begani. Hakumsalimu yule bwana. Alinitazama mimi, akasema, "Wa nani wewe?" Nikataja jina la baba, jina la babu, na mtaa. Mzee akarudia jina la babu polepole, kama anayelijua. Sijui kama kweli alilijua. Yule bwana alizima sigara pale pale, na njia nzima mpaka mjini hakusema neno. Alinishusha mbali na nyumbani, akaondoka, na Majestic sikumwona tena.

Nikaingia kwa mlango wa uani. Mama alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Watoka wapi?"

Nikasema, "Kwa Bibi."

Bibi alikuwa ndani kwetu tangu adhuhuri. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona ameketi mkekani, ungo mapajani, anachambua mchele. Alinisikia. Mama naye alinisikia. Bibi akaokota jiwe moja kwenye mchele, akalitupa uani, akaendelea. Mama akamaliza kifuu alichokuwa nacho, akanisogezea bakuli na kifumbu, nikaanza kukamua tui.